Mashati Matano ya Mchoraji

Kila mchoraji alipoinama juu ya meza yake ndefu ya ramani, shati lake liliinama pamoja naye. Halikufura mgongoni, halikuchomoka kiunoni, wala halikuacha nafasi ya kupitisha hata kidole kati ya kitambaa na mbavu. Karani wa masjala, aliyesimama mlangoni na majalada saba mikononi, alilitazama shati hilo kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu kulitazama shati la mwanamume mwenzake, kisha akayabwaga majalada mezani kwa kishindo kisichokuwa na sababu yoyote.

Ulikuwa wivu, na mwenyewe aliujua. Lau wangekuwa watu wa maumbo tofauti, angemwacha kijana wa watu apendeze kwa amani yake. Lakini mchoraji alikuwa mwembamba kama yeye na mrefu kama yeye, mwenye shingo ileile ndefu na mikono ileile inayoonekana kumtangulia mwenyewe aendako. Hata hivyo karani, baada ya miaka kumi na miwili ya kazi, aliitwa Njiti na idara nzima, kuanzia kwa mkuu mpaka kwa mlinzi wa getini, na mchoraji, ambaye hakuwa ametimiza hata miezi minne, aliitwa Mtanashati. Aliyewabatiza wote wawili ni katibu muhtasi, mama mmoja mwenye ulimi mwepesi, na wala hakuona ubaya.

"Njiti," alimwambia siku moja mbele ya watu, "hebu mwulize mwenzako mashati anayapata wapi. Wewe umevaa hema, bwana."

Watu walicheka, naye akacheka nao, maana kununa kungewapa la kusema mpaka jioni. Lakini hakuuliza. Kumwuliza mchoraji kungekuwa kumpa ushindi wa pili juu ya ule aliokwisha kuupata.

Si kwamba hakuwa amehangaika. Jumamosi tatu mfululizo alijihimu kwenda soko la mitumba, akainamia marundo bega kwa bega na akina mama wenye macho makali. Mashati yalikuwa tele, tena mazuri, ya bei ya kuvumilika, ila hakuna lililokuwa limekatwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Yaliyomtosha shingoni yalimwachia kiunoni nafasi ya kumpangishia mtu. Yaliyomkaa kiunoni yalikuwa ya watoto wa shule, na mikono yake iliishia njiani, hivi kwamba kila aliponyoosha mkono kufikia rafu ya juu alionekana ameazima shati kwa mwanawe. Lilikuwepo duka moja lenye vioo mpaka chini, ambalo lilikuwa na mashati membamba hasa. Aliingia, akashika kola, akasoma bei, akaiachia kola taratibu na kumwuliza mwenye duka kama wanauza soksi.

Na mkewe alikuwa fundi cherehani. Jambo hilo halikuwa la kuchekesha, ingawa yeyote aliyelisikia alicheka. Katika mwaka wa pili wa ndoa yao mkewe alimwambia, kwa sauti ya kawaida tu, amletee mashati yake ayapunguze. Siku hiyo shemeji yake alikuwepo sebuleni, na karani, kwa kuona haya, akajibu kwa mzaha wenye meno kwamba naam, ayapunguze, watu wote wapate kumhesabu mbavu na wajue fulani ameolewa na ufagio. Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Mkewe hakucheka. Tangu siku ile aliyafua mashati yale mapana na kuyapiga pasi, lakini mkasi wake haukuyagusa kamwe. Ilikuwa imepita miaka kumi na mmoja, na karani alikwisha kuusahau mzaha wake. Hakuwahi kujiuliza kama mwenzake naye ameusahau.

Jumanne moja mchoraji aliinama karibu na dirisha, mwanga ukampiga mgongoni, na karani akaona kitu ambacho hakuwa amekiona miezi yote ile. Mishono miwili mirefu ilishuka kutoka chini ya mabega mpaka kiunoni, ikilibana shati kushoto na kulia. Kwenye ncha ya kila mshono palikuwa na mshono mwingine mdogo wa mkono, uliolala kwa upana, usiozidi punje ya mchele. Aliujua mshono ule. Ulikuwa kwenye sare za binti zake wawili na kwenye kila gauni lililotoka nyumbani kwake. Mafundi wengine humalizia kwa mashine na kukata uzi. Mkewe hakuiamini mashine pale mwishoni, akisema hapo ndipo nguo huanza kufumuka na lazima mkono upite.

Alirudi masjala akaketi mbele ya jalada lililo wazi, na alipokuja kulisoma aliona amelishika juu chini.

Kupima watu ilikuwa kazi ya mkewe, na katika miaka yote hiyo karani hakuwahi kukosa raha kwa sababu yake. Mkewe alikuwa amewapima walimu, wazee wa heshima na mabwana harusi wenye vitambi, na hela za kazi hiyo wamekula pamoja. Lakini huyu alikuwa mtu wa aina nyingine. Kumpima huyu ni kumzungushia futi kifuani, kumgeuza, kumwambia inua mikono, simama wima, usibane pumzi. Ni kuutazama mwili uleule mwembamba alioolewa nao na kuamua kwamba unastahili kupendezeshwa. Kwamba mkewe alikuwa na ujuzi huo, kwamba alikuwa ameutumia kwa mwanamume mwingine, hilo lilimkata maini. Alimwonea wivu mchoraji kwa mashati, kisha kwa mikono iliyoyashona, na alishindwa kujua ni wivu upi unaouma zaidi.

Kwa siku mbili alinuna. Alipoulizwa ana nini alisema kichwa kinamgonga. Mkewe alipocheka na binti zao alisikiliza kile kicheko kama kina jambo jipya ndani yake, na kwa kuwa alisikiliza sana, alilisikia.

Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, aliondoka ofisini bila kuaga, akaenda kwenye chumba cha kazi cha mkewe. Kilikuwa chumba kimoja tu, kilichopakana na duka la madaftari, chenye cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Mkewe hakuwepo. Fundi mwenzake, aliyekuwa akipindisha suruali, alimwambia ametoka kununua vifungo na atarudi sasa hivi, kisha naye akachukua bakuli lake la chakula akaenda kukaa kibarazani. Daftari la vipimo lilikuwa wazi mezani.

Mkewe hakuandika wateja kwa majina. Mwalimu wa hesabu, kiuno arobaini na mbili. Bibi wa ghorofani, mkono mfupi, hapendi kola. Karani aligeuza kurasa mpaka akafika alikokuwa akienda. Mchoraji, mashati matano. Chini yake hapakuwa na tarakimu hata moja.

Alikuwa amejiandaa kuona kifua, kiuno na bega la yule mtu kwa mwandiko wa mkewe. Ukurasa mtupu ulimuumiza zaidi. Anayeandika vipimo ni yule anayehofia kuvisahau.

Mkewe aliingia na mfuko wa vifungo, akashtuka kumwona, akamwuliza kuna nini, watoto wazima? Alimjibu kwamba watoto ni wazima. Kisha akaweka kidole juu ya ukurasa.

"Huyu vipimo vyake viko wapi?"

Mkewe aliutazama ukurasa, halafu akamtazama yeye, na ikaonekana wazi usoni mwake kwamba siku mbili za kichwa kugonga zimeeleweka zote kwa pamoja.

"Viko kichwani mwangu," alisema.

"Unavijua kwa kichwa."

"Kwa kichwa na kwa mikono. Miaka kumi na mitatu sasa."

Karani alipiga hesabu, na hesabu ikamkataa. Miaka kumi na mitatu iliyopita mchoraji alikuwa bado yuko shuleni. Mkewe alivuta kiti akakaa, na kwa sauti isiyopanda wala kushuka akamweleza kwamba huyo mchoraji hajawahi kumtia machoni. Aliyekuja ni mama yake, na mashati matano ya mitumba kwenye mfuko, akitaka yapunguzwe ili mwanawe awe nadhifu kwenye kazi mpya. Kijana mwenyewe alikataa katakata kuja kupimwa. Aliona haya, mama alisema, mtu kushikwashikwa mbavu. Fundi aliomba basi aletewe hata shati moja linalomkaa, akaambiwa halipo duniani. Akauliza kijana yukoje. Mama akasema ni mrefu, mwembamba, hivi na hivi, na jinsi alivyokuwa akieleza, fundi hakuhitaji tena kuuliza.

"Nikakata kwa vipimo vyako," alisema mkewe. "Basi."

Karani aliuangalia tena ule ukurasa mtupu.

"Mama yake alirudi akaniambia yanampendeza sana, ila bega la kushoto lina mkunjo kidogo. Nikamwambia samahani, nimekosea." Alikung'uta vifungo mezani akaanza kuvipanga, ingawa vyote vilikuwa sawa. "Sikukosea. Bega hilo ni lako, ndilo lililoshuka. Unabebea majalada upande mmoja."

"Mimi?"

"Wewe. Hujawahi kujua?" Sauti yake sasa ilitetemeka, na haikuwa kwa huzuni. "Miaka kumi na mmoja umenikatalia mgongo wako. Leo unakuja kunidai mgongo wa mtu ambaye simjui."

Alitaka kusema amekosa, lakini neno lilionekana dogo mno kwa chumba kile. Alisimama tu, shati lake pana limeingia hewa kutoka mlangoni. Mkewe alipangusa macho kwa kiganja kwa haraka kama anayefuta jasho, kisha akatungua kwenye msumari shati la tano, jeupe lenye mistari ya buluu. Alisema hilo aliahidi kulirekebisha bega kabla halijachukuliwa, na kila alipoketi kulirekebisha, mkono ulikataa.

"Vaa," alisema.

Alilivaa akiwa ameupa mgongo mlango na kioo pia, maana hakutaka kujiona. Lakini hakuhitaji kioo. Kitambaa kilimfuata kila alipopinda, kikakaa naye alipotulia. Mikono iliishia pale mikono inapopaswa kuishia. Palepale akamwonea mchoraji wivu upya, wivu safi wa kitoto, kwa kuwa na mashati manne kama hili na kutojua ni ya nani. Mkewe alikuwa amekwisha kuweka pini midomoni, kwa mazoea ya kazi, na mkono wake ulikuwa unalainisha bega la kushoto. Ulilainisha pasipokuwa na mkunjo wowote. Karani hakubana pumzi.

"Mwanangu, kumbe umenitangulia?"

Ilikuwa sauti ya mama mmoja mlangoni, yenye kuhema kwa mwendo na kwa furaha.

"Na ulisema hutakanyaga hapa. Haya, si unaona ulivyotoka? Wanawake wa huko ofisini wataniibia mtoto wangu." Mama alicheka peke yake. "Na bega je? Hebu ona, safari hii bega limetulia kabisa. Fundi, Mungu akubariki mikono."

Karani hakugeuka. Alisimama wima, mikono ikining'inia, akiwa amependeza kwa mara ya kwanza katika maisha yake kwa jina la mtu mwingine. Nyuma yake mkono wa mkewe ulikuwa bado uko begani, na alimsikia akitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, bila haraka, akiziweka mezani. Alingoja. Alitaka kusikia atamtaja kuwa nani.