Walinzi wa Ini la Shee

Kisauni nzima, hakuna mwanamke aliyejua kualika watu harusini kama Mwanatumu. Iwe harusi ya Frere Town au ya Utange, yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwaita wageni kwa majina, na ambaye hakuitwa alinuna mwaka mzima. Basi mumewe, Shee, alipolazwa mwaka wa themanini na tisa na uvimbe kwenye ini, alitaka utaratibu ufuatwe vivyo hivyo.

Mwenye makosa ni Daktari Wafula, kwa kupenda kueleza. Alisema ataubana mshipa ili damu isimwagike akilikata ini. Hatari hasa iko pale damu inaporudi, kwani hewa inayokuja nayo huzua cheche za kuunguza nyama. Lakini ini lina walinzi wake, vimeng'enya. Dismutasi huzidaka cheche na kuzigeuza maji makali, yale ya kuoshea vidonda, kisha katalasi huyapooza yakawa maji matupu.

"Wamealikwa?" Shee akauliza.

Daktari akacheka. Shee hakucheka. "Wallahi sipasuliwi mpaka waalikwe. Watasusa, niungue."

Mwanatumu hakuwa akisema naye tangu alipooa mke wa pili kule Likoni. Chakula alimletea kwa kuogopa midomo ya watu tu. Hata hivyo alijitanda buibui lake vizuri, akainamia mbavu za kulia za mumewe na kupiga hodi.

"Bi Dismutasi, Bi Katalasi, mwaalikwa kesho asubuhi. Damu ya Shee yarudi."

"Abee," ikajibu sauti ya mama mtu mzima, mle mle mbavuni. Muuguzi akaangusha bakuli. "Nani atualikaye?"

"Mwanatumu, mkewe."

"Nawe wataka arudi?"

Hakuna nyumba iliyowahi kumuuliza hivyo. Alikwisha kualikia harusi za mahasimu wake bila kupepesa jicho, lakini hapa alivuta kiti akakaa. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu.

"Ameniumiza," akasema. "Lakini nyumba bila yeye siiwezi. Namtaka."

"Basi twaja."

Shee alikuwa akitokwa na machozi. Alisikia yote; ini lilikuwa lake.

Kesho yake damu ilirudi, na ini likashika rangi yake bila kuungua. Shee alipoweza kunywa uji, aliuliza polepole, "Umenisamehe?"

"Niliulizwa kama nakutaka," Mwanatumu akajibu, akimpangusa mdomo kwa ncha ya leso. "Hilo la kusamehe hawakuniuliza."