Kipande cha Njaa

Siku Muna alipoingia kwa mara ya kwanza katika shamba la Cucu Wanja kule Theta, alikuwa na futi ya fundi, mkoba wa vigingi na raba mpya nyeupe ambazo matope ya Machi yalizimaliza kabla ya saa sita. Alikuwa binti wa watu wa duka, Majengo, Thika. Baba yake aliuza vitambaa, mama yake aliuza viungo, na katika ukoo wote hapakuwa na mtu aliyewahi kushika jembe kwa kupenda. Mjomba mmoja alimuuliza, mbele ya watu, msichana anasoma hadi digrii ya pili ili aje kulima nini. Muna alicheka na wengine, ila maneno yale yalimkaa rohoni.

Kwa hiyo utafiti ule ulikuwa wa kuwanyamazisha watu. Alitaka kujua kama mkulima mdogo anaweza kuirudishia ardhi nguvu bila kutegemea mbolea ya duka. Angepanda mahindi katika vipande vilivyopangwa kwa kura: kimoja kitiwe samadi ya ng'ombe, kingine majani mabichi ya yale maua ya manjano yanayojiotea kando ya barabara, kingine mbolea ya duka. Na kimoja kisipewe chochote, ili vile vingine vipimwe kwacho. Mwezi wa sita wafadhili wangekuja kuangalia. Wakiridhika, Muna angemaliza shahada na kuendelea na ya udaktari. Wasiporidhika, angerudi Majengo kumsikiliza mjomba.

Cucu Wanja, mjane aliyekuwa na ekari moja na ushee, alimkubalia bila maswali mengi. Wanawe walikuwa Nakuru na Mombasa, na kuja kwa msichana wa chuo kila juma kulimfurahisha kuliko alivyotaka ionekane. Akamwita kairitu, msichana, na Muna akamwita Cucu, bibi, kama walivyomwita wote. Baada ya kazi waliketi jikoni, Cucu akipakua githeri ya mahindi na maharagwe, na chai. Mara moja alitoa mchuzi wa kuku, Muna akaukataa kwa adabu, akaeleza kwamba hali nyama isipochinjwa na Mwislamu. Cucu alitikisa kichwa, akaurudisha ule mchuzi chunguni, na habari ya kuku haikutajwa tena.

Habari ya kipande kisichopewa kitu ndiyo iliyowashinda. Kura ilikiangusha kando kabisa ya njia ya kanisani, mahali ambapo mtaa mzima ulipita kila Jumapili. Cucu alikiita kipande cha njaa. Aliuliza kwa nini hicho kinyimwe na ndugu zake wanakula. Muna alikuwa na haraka ya kwenda kupima unyevu wa udongo, akamwambia hiyo ndiyo sheria ya utafiti, asiweke kitu, hata majivu. Cucu akasema sawa.

Kueleza kungechukua muda gani? Muda wa kikombe kimoja cha chai, na chai walikunywa kila juma. Lakini Muna aliona maneno ya chuo hayana pa kukaa jikoni kwa bibi asiyejua kusoma, na kumwambia tu asiweke kukawa rahisi zaidi. Alikuwa amesoma somo zima la namna ya kuhoji wakulima, na alikuwa amefaulu vizuri sana.

Mahindi yakaota. Kufikia Mei kile kipande kilikuwa kimeanza kugeuka rangi, majani ya chini manjano, mashina membamba. Muna alifurahi, kwa kuwa ndivyo kilivyotakiwa kuwa. Cucu hakufurahi hata kidogo. Akina mama wa kanisa walikuwa wakisimama pale njiani na kumuuliza kama huyo ndiye mwalimu wake wa kilimo. Mmoja alisema walimu wa yule msichana wakija kuona mahindi kama hayo watamfukuza shule. Cucu alicheka nao, ila neno la kufukuzwa alirudi nalo nyumbani.

Majuma machache kabla ya wageni, Muna alibaki chuoni akiandaa ripoti. Asubuhi ya siku yenyewe walifika kwa gari la chuo: Muna, Profesa Aoko aliyekuwa msimamizi wake, na bwana mmoja kutoka kwa wafadhili. Cucu alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Akina mama walikuwa wamejaa jikoni na moshi ulinukia mapishi. Akamshika Muna mkono, akamnong'oneza kwamba leo hata kairitu atakula. Muna, akili yake ikiwa kwenye vipande, aliitika bila kusikia.

Kile cha njia ya kanisani kilikuwa kijani. Kilikuwa kijani kibichi, mashina yamenenepa, kimevikaribia vile vingine, na kimoja kilikuwa tayari kimeachwa nyuma. Profesa Aoko alikuwa mtu wa maneno machache. Alichuchumaa, akafukua kwa kalamu pale penye shina, akainua donge jeusi la samadi kwenye kiganja.

"Muna, hii ni nini?"

Akilini Muna alimwona mjomba, aliwaona watu wote wa Majengo wakicheka. Alianza kujitetea kwa Kiingereza, kisha akamwona Cucu amesimama pale anatabasamu, na kwa kutaka kabisa asikie, akarudia kwa Kiswahili.

"Si mimi, Prof. Ni huyu mama. Nilimwambia asiweke kitu. Hawa watu ukiwaambia hawasikii. Ameniharibia kazi yote."

Akina mama walikuwa wametoka jikoni kuja kusalimu wageni, wakakomea pale kwenye migomba. Cucu Wanja aliacha kutabasamu. Alimtazama Muna, halafu yale mahindi, halafu mikono yake mwenyewe.

"Niliona wataaibisha wewe," alisema. "Nikasema waalimu wakuje wapate imeshiba."

Yule bwana wa wafadhili alitazama saa. Profesa alijipangusa kiganja, akasema hakuna la kufanya hapa tena, wakaaga kwa haraka. Cucu aliwafuata hadi garini akisema chakula ki tayari, waingie hata kidogo tu. Muna ndiye aliyefunga mlango. Njiani Profesa alimwambia atafute shamba lingine, aweke ua wa waya, msimu mmoja si mwisho wa dunia. Hakuna aliyemtaja Cucu, na Muna akashukuru.

Haukuwa mwisho wa dunia. Wafadhili walimwongezea muda. Muna alipata shamba Murera kwa bwana Simeon, mwalimu mstaafu, aliyeweka ua na kufuli na hakupika kwa ajili ya mtu yeyote. Data zikatoka safi. Katika tasnifu yake, Cucu Wanja alipata sentensi moja bila jina, iliyosema kwamba eneo la kwanza liliachwa kwa sababu mkulima aliingilia jaribio. Muna aliisoma sentensi ile mara nyingi wakati wa kusahihisha, na hakuona kosa lolote.

Mwaka wa tisini na saba akahitimu. Mjomba aliyekuwa akimdhihaki ndiye aliyekuwa wa kwanza kutangaza karamu, na Muna akatumwa Gitothua, Ruiru, kuagiza mbuzi kwa Mzee Ali, muuza nyama wa siku nyingi aliyekuwa rafiki ya baba yake. Mzee Ali aliandika oda, akasikia habari ya shahada na kilimo na Theta, akaweka kalamu chini.

"Basi wewe ndiwe Muna wa yule mama," alisema.

Muna aliuliza mama gani. Mzee akamsimulia akicheka, kwa kuwa kwake kilikuwa kisa cha kufurahisha tu. Bibi mmoja Mkikuyu alikuja dukani mapema asubuhi moja, miaka miwili nyuma, na jogoo mkubwa, amefungwa miguu, ndani ya kikapu chenye mpini wa kamba. Alitoka naye Theta kwa miguu. Alisema ana mtoto wake wa Kiislamu anayekuja na walimu wake, na mtoto huyo hali nyama hivi hivi, kwa hiyo achinjiwe anavyotaka. Akasimama pale pale kuhakikisha.

"Nilipomaliza akanigombeza," Mzee Ali alisema. "Ati mbona sikutaja jina la Muna. Alidhani tunaombea mwenye kula. Nikamwambia, mama, tunataja la Mungu tu. Akasema si mbaya, lakini ongeza na la Muna. Basi ulimla? Maana jogoo mwenyewe alikuwa wa nguvu."

Muna alisema ndiyo, alikuwa mtamu. Alilipa, akatoka, akasimama nje ya duka kwa muda bila kujua anaelekea wapi. Alikumbuka ule mnong'ono kuhusu kula. Aliukumbuka mlango wa gari na mkono wake mwenyewe ukiuvuta. Aliona haya.

Kesho yake alikwenda Theta. Alibeba sukari, majani ya chai na kanga nzuri kutoka kwa mama yake, na njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kuomba radhi. Mvua zilikuwa zimekatika mapema mwaka ule na vumbi lilikuwa limelala juu ya kila jani. Alipokata kona ya kanisa aliliona shamba kabla ya kuiona nyumba.

Mahindi ya Cucu yalikuwa yamesimama vizuri kwa mwaka wa shida, isipokuwa pale kando ya njia. Pale palikuwa na mraba wa mahindi yaliyomfikia Muna kiunoni, manjano tangu chini hadi juu, mengine bila gunzi, mengine na gunzi la kutosha kidole. Kwenye pembe nne vilisimama vigingi vyake vya zamani. Kimoja kilikuwa kimeoza na kuwekewa kipya, kimechongwa kwa panga, kirefu sawa na vingine.

Cucu Wanja alitoka akijifuta mikono kwenye leso. Alikuwa amekonda. Alimpokea kwa mikono miwili, akamuuliza habari za mama yake na baba yake, akamwambia amekua. Hakukuwa na kinyongo usoni mwake, na hilo likamfanya Muna asahau maneno yote aliyoyapanga. Kisha Cucu akamshika mkono, akampeleka moja kwa moja njiani.

"Sijaweka kitu," alisema. "Tangu ile siku. Hata majivu. Watu wa kanisa wanasema nimezeeka vibaya, mimi nawaacha waseme. Nilikuharibia mtihani, nikasema nitakutunzia mpaka urudi. Sasa pima, kairitu."

Muna aliangalia ule mraba. Ulikuwa sehemu ya ekari moja ya mtu anayekula anachovuna, na mwaka jana wote na mwaka huu ulikuwa umempa punje za kujaza kofia. Ilimjia kwamba angeweza kutoa futi mkobani, apime, aandike kitu, amshukuru, amwache bibi aamini kwamba njaa ile ilikuwa na faida. Ingekuwa rahisi. Lakini rahisi ndiyo iliyokuwa imewafikisha hapa.

Akamwambia. Alimwambia kwamba alikwisha kumaliza, kwa shamba la mtu mwingine, Murera, na kwamba mtihani ulipita zamani. Akamweleza, kwa mara ya kwanza, kipande kile kilikuwa cha nini: kwamba bila mwenye njaa huwezi kujua aliyeshiba ameshibishwa na nini. Maelezo yenyewe yalikwisha kabla ya mbuzi wa jirani kuvuka njia. Akasema, "Ningekwambia tangu mwanzo, Cucu. Unisamehe. Na yule jogoo, nimeambiwa jana tu."

Cucu Wanja alitikisa kichwa polepole, kama siku ile ya mchuzi. Hakusema amesamehe na hakusema hajasamehe. Alisema jogoo aliliwa na akina mama, hakuharibika. Akavitazama vigingi.

"Kwa hivyo sasa naweza kukipa mbolea?"

Muna alisema ndiyo. Alijua, maana hiyo ndiyo elimu aliyoipata, kwamba mvua imekwisha na mahindi yamekwisha kubeba, na samadi yote ya Theta isingeyasaidia tena msimu huu. Cucu naye alijua, amelima miaka yake yote. Hata hivyo alikwenda zizini akajaza kikapu, akarudi nacho, ni kile kile chenye mpini wa kamba, akasimama kwenye ukingo wa kipande.

"Nianzie wapi?" aliuliza. "Sitaki kuharibu tena."

"Popote, Cucu. Ni shamba lako."

Cucu Wanja hakusogea. Alisimama pale na kikapu chake mkononi, nje ya vigingi, akingoja aonyeshwe.