Mbuzi wa Thelathini

Pale Kiambere, juu ya kilima kinachoangalia maji ya bwawa, kulikuwa na jengo la simiti ambalo watu waliliita Jiko la Wazungu. Hakuna aliyewahi kupikia hapo. Zamani wageni fulani walilijenga wajaribu injini za roketi. Injini inafungwa kwa vyuma, inawashwa, moto unatokea kwa mtaro huko chini, kelele inafanya kuku wasahau kutaga, halafu inazimwa. Wageni wakaenda zao, simiti ikabaki. Mbuzi wakahamia kwa ule mtaro, maana kivuli chake kinashinda hata cha ofisi ya chifu.

Sasa Jiko limezeeka. Vipande vinaanguka vyenyewe, na kiwanja kinatakiwa kwa mitambo ya sola. Likapangiwa baruti, Alhamisi, kabla ya saa sita.

Mtu wa usalama alikuwa Murungi. Kazi yake ilikuwa moja tu: ahakikishe hakuna mtu wala mnyama ndani ya utepe mwekundu, halafu aseme idadi kwa redio. Injinia Maxine, mkubwa wake, alikuwa amemwambia asubuhi bila kuzunguka. Hii ikiisha vizuri, anaenda na wao Isiolo, kazi ya mwaka mzima. Akiharibu, arudi kwao Mikinduri akafunge miraa na binamu zake.

Rahisi kama kumenya ndizi. Shida ni kwamba mbuzi wote wa hicho kilima walikuwa wa Ciakuthii, na Ciakuthii ndiye alimzaa Kaari, na Kaari ndiye bibi ya Murungi.

Mkwe hamkodolei macho mama wa bibi yake, na hawezi kubishana naye hata kidogo. Kwa hivyo Murungi alisimama upande, kofia ya plastiki mkononi, akiongea na mti wa mgunga.

"Mama, mbuzi wametoka wote?"

"Wote wako, muthoni wangu." Ndivyo mkwe huitwa huko.

"Ni wangapi?"

Ciakuthii akamtazama kama mtu aliyeulizwa siku atakayokufa.

"Kwenu Meru mnahesabu mbuzi?"

"Hapana, mama. Lakini injinia anataka..."

"Mbuzi akihesabiwa anaisha. Hao wazungu pale Jikoni si walikuwa wanahesabu? Kumi, tisa, nane, kila siku ya Mungu. Uliwahi sikia hiyo roketi yao imefika juu? Waliihesabu mpaka ikakufa."

Watu waliokuwa wamekuja kutazama wakacheka. Murungi akazidi kuangalia mti.

Redio ikakohoa. "Murungi, nipe idadi ya mifugo."

"Thelathini," akasema.

Ilitoka tu. Alipenda vile inasikika, namba safi, ya mtu anayejua kazi yake.

Asichojua ni kwamba Maxine alikuwa amerusha droni. Kale kandege kakapita juu ya mbuzi, kakarudi, kakapita tena.

"Naona ishirini na tisa."

"Hesabu tena, injinia."

"Nimehesabu mpaka macho yanauma. Mmoja amebaki ndani. Sibonyezi kitu mpaka atoke."

Basi watu wakatumwa kutafuta mbuzi ambaye hakuwahi kuzaliwa. Wakapekua vichaka, wakapiga mluzi. Mwingine aliapa amesikia mlio kwa mtaro, na baruti zimeshafungwa mle, hakuna wa kuingia.

"Mnatafuta nani?" Ciakuthii akauliza. "Mama Mapacha yuko. Kipofu yuko. Yule wa kiburi yuko. Mwambieni huyo msichana wote wako."

Murungi alisikia vizuri sana. Kumwambia Maxine ni kusema ile thelathini aliitoa kichwani. Isiolo ingeishia hapo. Akasema anaenda kuangalia upande wa chini, akapanda pikipiki, akateremka moja kwa moja hadi sokoni kwa Jumaa, muuza nyama.

"Murungi bwana! Nikukatie wapi? Paja?"

"Nataka mbuzi mzima."

"Mzima vipi? Mimi nachinja, sifugi."

"Mzima, Jumaa. Anayetembea na miguu yake."

"Una harusi ama una mgonjwa?"

"Niko na injinia."

Jumaa akacheka mpaka akaweka kisu chini. Nyuma ya bucha kulikuwa na beberu la kahawia, sikio limechanika, linatafuna katoni. Mbuzi wa soko kabisa. Murungi akaahidi kulipa jioni, akalipakata kwa pikipiki, akatokea upande wa chini akilivuta kwa kamba huku linapanda kilima likilalamika.

Watu wakapiga kelele za furaha. Maxine akashuka kutoka pale alipokuwa akirushia droni.

"Mama, ni huyu?"

Ciakuthii aliangalia sikio. Akaangalia kamba mpya shingoni. Kisha akamwangalia mkwe wake, ambaye alikuwa amerudi kuangalia mti.

"Huyu sijawahi kumwona," akasema. "Wangu hakuna aliyepotea. Nilisema asubuhi."

Watu wote wakamgeukia Murungi.

"Lakini mkwe akikuletea mbuzi mbele ya watu," Ciakuthii akaendelea, "utamrudisha? Nimepokea. Ni mwembamba, lakini nimepokea." Akaichukua ile kamba kutoka mkononi mwa Murungi.

Maxine akageuka. "Thelathini ilitoka wapi?"

"Kichwani, injinia."

"Kichwani."

"Mama hahesabu mbuzi. Na mimi siwezi kumuuliza mara mbili."

"Ungeniambia hivyo asubuhi ningekuelewa." Akanyoosha mkono. "Redio."

Murungi akatoa redio.

"Isiolo tutaenda bila wewe." Hakupandisha sauti. Akamgeukia Ciakuthii. "Mama, wote wako?"

"Wote wako."

"Sawa."

King'ora kikalia. Maxine akahesabu kwa redio, kumi, tisa, nane, na Ciakuthii akageuza uso wake na akawasukuma mbuzi wageuke pia. Ilipofika mwisho, Jiko likainama taratibu, kama mzee anayetafuta kiti, halafu likakaa chini lote. Vumbi likameza kilima. Mbuzi wakatawanyika, na lile beberu likamponyoka na kamba yake.

Vumbi lilipopungua, Ciakuthii aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, wakaja. Wakaisha kuja. Akasimama akisikiliza.

"Sasa yule wako hana jina," akamwambia Murungi. "Mwite wewe. Halafu mlete nyumbani, kuna githeri sufuriani."

Murungi akaingia kwa vumbi, mikono mitupu, akiita, "We! Wewe!" Akalipata juu ya kifusi, limesimama limetulia, linatafuna utepe mwekundu.