Ng'ombe Hawaingii Kimya Bihambwe

Ampli, ile mashine ya kukuza sauti, ilizimika tena mbele ya duka la Mama Kavira pale Kibabi, na Katembo akaikaripia kama mtu anayemkaripia mbuzi aliyekula nguo ya misa.

"Weye! Wiki nzima unaimba, leo njo unakuwa bubu?"

Aliingiza mkono chini ya kiti cha jipu, akaugusa mgongo wa ampli, akaurudisha upesi. Mbavu za alumini zilikuwa za moto kama kikaango. Ubavuni iliwaka ile taa ndogo nyekundu ya kusema: nimechoka, niacheni. Spika mbili kubwa zilizofungwa juu ya jipu zilikuwa zimenyamaza, na vijana waliokuwa wakicheza barabarani wakasimama mguu mmoja hewani.

Katembo alikuwa fundi wa redio, mwana wa wafanyabiashara Wanande waliotoka upande wa Butembo kuja kuuza sabuni, chumvi na mabati katika vilima vya Masisi. Hakuna aliyemfundisha kuunga waya, na hakuna aliyemfundisha kutunga shairi. Vyote viwili alivinyakua mwenyewe, na kwa vyote viwili alitembea kifua mbele. Lakini alasiri hiyo hiyo alikuwa apeleke ng'ombe wa mahari Bihambwe, kwa Papa Bisengimana, baba yake Isimbi. Na bila ampli, mahari yasingepokelewa.

Si kwamba mzee alipenda muziki. Vita vilikuwa vimelikumba zizi lake. Wenye bunduki walikuja mchana kweupe, wakafyatua risasi, wakaondoka na kundi lote, na zizi likabaki linaota majani. Tangu hapo ng'ombe wa wizi walipita vilima vile usiku, wakibadilishwa mikono kwa kunong'onezana. Ndiyo maana siku ya kupanga mahari Bisengimana aliinua fimbo yake, akasema:

"Ng'ombe zangu zilitoka kwa kelele. Hizi nazo zitaingia kwa kelele. Ng'ombe yenye kuingia kimya iko ya mwizi. Nataka kila moja itajwe jina na sifa, vilima vyote visikie, na mwenye kuona ni yake aseme. Na musifu akikatika katikati, ile ng'ombe inarudi kwenye ilitoka."

"Nani atasifu?" aliuliza Daphrose, shangazi yake Isimbi, mwenye ulimi usiopata kutu. "Bale Banande banajua majina ya sabuni tu. Ng'ombe bataiita nini? Kilo mbili?"

Watu walicheka. Katembo alisimama, damu ikimchemka masikioni.

"Shangazi, nitazisifu miye mwenyewe. Siku hiyo utatafuta kitambaa cha kupanguza machozi, na sabuni ya kukifua nitakuletea."

Isimbi, aliyekuwa nyuma ya mlango, alicheka hadi akasikika. Kwa kicheko kile Katembo angepanda mlima kwa magoti.

Sasa basi, ng'ombe walikuwa wameshatangulia na mchungaji, wakingoja chini ya boma la mzee, na ampli ilikuwa imelala.

Katembo alivua koti la harusi akaanza upya. Alikata waya wa spika moja, akaiachia ampli mzigo nusu. Alikwangua rangi pale waya wa umeme unaporudi kwenye mwili wa gari, maana mgusano mbaya hupasha moto. Alipunguza nguvu ya sauti, taa ikabaki nyekundu. Kisha akaichomoa yote, akaiweka juu ya meza ya duka na betri ile ile na spika zile zile zote mbili. Ikaimba. Iliimba mpaka wateja wa Mama Kavira wakawa wanaagiza chumvi kwa ishara za mikono, na mbavu zake zilikuwa vuguvugu tu, kama shavu la mtoto.

"Unaona?" alisema Nzanzu, dereva, mwana wa mjomba wake, mtu mrefu mwenye kovu juu ya jicho. "Imepona. Lete niirudishe chini ya kiti, niijaribishe mpaka kule kwa daraja."

Nzanzu akaiweka, akawasha jipu, akaenda. Muziki ulisikika ukishuka kuelekea darajani, kisha ukakatika. Jipu liliporudi, ampli ilikuwa ya moto kuliko kwanza.

Katembo aliitazama meza, kisha gari. Juu ya meza ni mzima, ndani ya gari ni mgonjwa. Basi ugonjwa hauko mwilini, uko kitandani. Aliinama akainusa ile ampli. Haikunuka waya ulioungua. Ilinuka kitu alichokijua, harufu ya nyumba zilizochomwa, ila ndogo na tamu kidogo. Akachukua bisibisi, akachokonoa katikati ya mbavu, akatoa kipande cha sponji ya njano kilichoyeyuka pembeni.

"Kaka Nzanzu," aliita polepole. "Hii godoro ya nani?"

Nzanzu alitazama mlima. Alitazama viatu vyake. Mwishoni akafungua mlango wa nyuma, akatoa kipande cha godoro kilichokunjwa, kamba za mpira za baiskeli, na blanketi kuukuu.

"Nikikaribia barrière ya wenye bunduki ninaifunga," alisema. "Nikipita, ninaifungua. Nimezoea. Ile siku walichukua redio ya gari, walinipiga na kitako cha bunduki, unajua. Muntu akikimbia vita anabeba godoro kwanza, na kitu ya maana anaificha ndani. Miye najua kuficha, Katembo. Sijui kingine."

"Na leo darajani? Kule hakuna barrière."

"Niliona kofia ya soda, askari wa bunduki, mu bichaka. Nikaogopa."

Hasira iliyokuwa imepanda mpaka kooni mwa Katembo ilishuka taratibu. Angeweza kumcheka, naye Nzanzu angestahimili. Lakini nani katika vilima vile hakuwa na godoro lake la kufichia kitu? Mama yake alizika nguo njema chini ya jiko. Yeye mwenyewe miaka miwili alisoma mashairi yake kwa sauti ya nyuki, asisikike na jirani.

"Ampli inapumua kwa zile mbavu, kaka," alisema. "Ukiifunika, inajipika yenyewe. Kama siye."

"Basi tupite nayo uchi mbele ya barrière? Wataichukua! Sifu na mudomo tu. Uko na koo kama tarumbeta."

"Mudomo utafika mu zizi. Mulima wa pili hautasikia. Na mulima wa pili ukikosa kusikia, Isimbi anabaki kwao."

Akaivua ampli chini ya kiti, akaipandisha juu ya gari, mbali na joto la injini, akaifunga kwa boliti kwenye chuma cha kubebea mizigo, mbavu zikitazama upepo. Kisha akafanya jambo ambalo Nzanzu alilikumbuka kwa kutikisa kichwa miaka mingi baadaye: aliufungulia muziki wote, tangu Kibabi, na kila walipopita penye nyumba alishika maiki.

"Bantu ya vilima! Hii sauti inaenda kwa Papa Bisengimana! Inapeleka mahari! Muifuate kwa masikio mpaka ifike!"

Watu walitoka mashambani na majembe begani. Wengine walifuata kwa miguu, wengine walisimama kwenye kingo za makonde wakilisindikiza jipu kwa macho. Upepo ulipita katikati ya mbavu za alumini. Taa nyekundu haikuwaka.

Kwenye barrière, kamba ilikuwa imevutwa kutoka mti hadi mti. Kijana mwenye bunduki, koti likimpwaya, alizunguka jipu mara moja, macho juu.

"Hii machine iko ya nani?"

"Leo iko ya ng'ombe," alijibu Katembo.

"Ng'ombe iko na muziki?"

"Iko nao, kaka. Zingine zinatembea kwa fimbo, za Papa Bisengimana zinatembea kwa sauti."

Wenzake wawili wakacheka. Yeye hakucheka. Akaweka mguu kwenye tairi. "Zima. Shusha."

Nzanzu alikuwa tayari ameshika ufunguo, jasho likimtiririka juu ya kovu. Katembo alimshika mkono. Sauti yake ilitoka nzima.

"Nikizima, vilima vyote vitajua imenyamazia wapi. Angalia."

Yule kijana akageuka. Juu ya makonde ya mihogo na maharage, kilima hiki na kile ng'ambo, watu walikuwa wamesimama. Walikuwa wanasikiliza tu.

Mkubwa wao, mtu mzima aliyekaa kwenye jiwe akila hindi la kuchoma, alitema punje. "Unasifu ng'ombe, sawa. Basi nisifu na miye kwanza, kisha upite."

Hapo Nzanzu alifumba macho, maana alimjua ndugu yake.

"Mkubwa, unisamehe," alisema Katembo, akiwa amevua kofia ila shingo haijainama. "Maneno ya leo nimeyachunga kwa ajili ya ng'ombe. Nikikukatia kidogo, kule nitakatikiwa. Uje Bihambwe na mikono mitupu, utakunywa maziwa na sifa utasikia."

Hindi lilisimama hewani. Kisha yule mtu akacheka kwa pua, akaangalia tena vilima, na akaacha kucheka.

"Baba yangu pia alikuwa na ng'ombe," alisema. "Shusheni kamba."

Walipofika Bihambwe, lango la boma lilikuwa limefungwa kwa miti miwili, na Bisengimana amesimama nyuma yake na fimbo. Daphrose alikuwa kando yake, mikono kiunoni. Ng'ombe wa kwanza, mwekundu mwenye pembe ndefu, aliletwa mbele. Nzanzu alipanda juu ya gari bila kuambiwa, akauweka mkono wake wote juu ya mbavu za ampli.

Katembo akashika maiki.

*"Huyu ni Mshinda-moshi, aliyepita motoni,*
*Pembe zake zina nuru, kama mwezi mlimani,*
*Vilima na visikie, anaingia zizini,*
*Watoto shikeni vyombo, maziwa yako njiani!"*

Sauti ilikwenda ikagonga mlima wa pili, ikarudi. Katembo alinyamaza kidogo ili mwenye neno aseme. Hakuna aliyesema. Kutoka ng'ambo kule kabisa, mwanamke alipiga kigelegele.

"Iko vuguvugu!" alipaza Nzanzu kutoka juu. "Endelea!"

*"Huyu naye Hana-woga, mwendo wake kama mvua,*
*Akikanyaga majani, majani huzaa ua..."*

Alimsifu mmoja mmoja, na hakuna aliyekatikiwa. Jua liliteremka, maiki ikalowa jasho, na kila mara yule mrefu juu ya gari alitoa habari za joto kama daktari aliyeshika paji la uso la mgonjwa, kwa sauti kubwa, mbele ya watu, yeye ambaye miezi yote tangu apigwe alikuwa akificha. Daphrose alipangusa macho kwa kiganja. Alipoona Katembo amemwona, alikunja uso.

"Vumbi," alisema. "Na ile sabuni iko wapi?"

Mzee Bisengimana hakucheka. Aliondoa mti wa kwanza wa lango, akaondoa wa pili, akausogelea uso wa yule ng'ombe mwekundu na kumwekea mkono katikati ya pembe. Kisha akamwita, si kwa sauti ya kunong'ona, bali kwa sauti ya mtu aliye kwake:

"Mshinda-moshi! Ingia!"

Na ng'ombe akaingia, Isimbi akitoka kumlaki na chombo cha maziwa kitupu mkononi. Juu ya gari Nzanzu alikuwa amekaa kitako juu ya kile kipande cha godoro, akitikisa miguu.