Depo Haina Mlango

Harufu ilitangulia kuingia zahanatini, ndipo akafuata Esperance akichechemea. Nyuma yake alikuja mumewe Hilaire, mwenye depo, ghala la bia, hapa Bwera, kashika kopo la siagi kwa mikono miwili kama padri anayegawa komunyo.

Nilimlaza mama wa watu kifudifudi, nikabandua kitambaa. Tako la kulia lilikuwa limechanjwa kwa wembe mara sita, likaumikwa kwa pembe, kisha likapakwa mavi ya ng'ombe. Usaha ulichuruzika hadi pajani. Huu ni mwaka 1973, nimekuwa muuguzi tangu kabla ya uhuru, nami ilibidi nifungue madirisha yote kabla ya kuendelea.

"Angalia, Sista Alisi." Hilaire akafungua kopo. Ndani mlikuwa na bonge la damu nyeusi, nzi wamelizonga. "Sulaiti, mganga wa mapembe, alivuta. Depo ile hapa, imetoka."

Hapo nikajua kosa lilianzia kwangu. Miezi mitatu nyuma nilimchoma Esperance takoni sindano ya kuzuia mimba kwa miezi mitatu, mwenyewe kaiomba: watoto watano katika miaka sita! Aliniuliza dawa itakaaje muda wote huo. Nikamjibu kwa uvivu kwamba inakaa mwilini kama kwenye depo. Mumewe alipogundua na kumbana, Esperance akamtajia neno lilelile. Na Hilaire depo anaijua: inafunguliwa, kreti zinatolewa, inabaki tupu. Tena alishamwambia wazi, mimba kabla ya Noeli au arudi kwao Butembo. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza tako la mwanamke mwenzangu.

"Hiyo ni damu yake tu, mpumbavu wewe!" Adabu ilinishinda. "Dawa ni unga laini, umelala ndani ya nyama. Unayeyuka kidogo kidogo, unaingia kwenye damu, ini linauvunja, mwisho unatoka na mkojo. Hauna mlango. Na hata ukiisha, mimba huweza kukawia miezi sita, saba."

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, na hilo lilinichefua kuliko ule usaha.

"Basi ingine iko ndani bado," akasema. "Sulaiti atarudilia kesho."

Nilimtuma akanunue spiriti, mradi anitoke machoni. Nikaanza kuosha kidonda. Nilimwambia Esperance nitamwandikia alazwe wiki mbili, Sulaiti asimguse tena, na mimba itakuja tu kwa wakati wake, asiogope.

"Sista, ile miezi mitatu imeisha?"

"Imeisha juzi."

Akapandisha mkono wa blauzi hadi begani.

"Unichome ingine. Hapa, asione. Akitaka kunirudisha Butembo, anirudishe. Mutoto ya ule mutu, sizai tena."

Nikawasha jiko, nikachemsha sindano.