Namba Niliyoizuia

Niliizuia ile namba mwenyewe, kwa kidole gumba, mdogo wangu akiwa bafuni na maji yakisikika kumwagika. Kisha nikairudisha simu yake mezani, kioo chini, vilevile alivyoiacha, nikaendelea kushona kola za sare za shule.

Ujumbe ulikuwa ukiingia kila siku saa mbili asubuhi. "Habari. Hali yako leo? Jibu 1, 2 au 3." Yeye anajibu "2", halafu anafuta. Jana yake ulikuja mwingine: "Alhamisi saa nne, mlango wa nyuma. Jibu ujumbe wa asubuhi kuthibitisha, la sivyo nafasi anapewa mwingine." Machale yakanicheza. Mlango wa nyuma! Mimi ni fundi cherehani, mshono wa kuficha naujua nikiuona.

Msinilaumu haraka. Mdogo wangu aliumia mgongo akipakua mizigo ghalani. Hospitali wakampa vidonge vya maumivu. Mgongo ukapona, vidonge vikamganda. Mama alitutoka yeye akiwa na miaka sita, nikamlea mimi, na ni yeye aliyenifundisha kutomwamini. Aliuza pasi yangu. Aliuza mkasi wangu mkubwa, kisha akanisaidia kuutafuta chini ya meza, jasho linamtoka, anasikitika kunishinda mimi mwenye mkasi! Siku hizi nikikumbuka nacheka. Wakati ule nilikuwa nakagua mpaka soli za viatu vyake.

Alhamisi ilipofika alikaa mlangoni mapema, amenyoa ndevu, amevaa shati nililomshonea, simu kiganjani. Saa mbili ikapita. Saa tatu nayo. Kila dakika anaiwasha, anaizima.

"Unamsubiri nani?" nikamuuliza.

"Hakuna mtu, dada."

Nilifurahi, nasema kweli. Nikajipongeza kwamba muuza vidonge nimemkomesha. Saa nne aliinuka akaondoka bila kuaga.

Saa sita simu yangu ikalia. Mwanamke mwenye sauti ya uchovu alijitambulisha kuwa muuguzi wa kliniki ya watu wanaotaka kuacha vidonge. Mdogo wangu, alisema, alijiunga nao kwa simu wiki sita zilizopita. Kila asubuhi wanamuuliza hali, na 2 maana yake hamu imembana lakini hajameza. Leo alikuwa aanze dawa ya kumsaidia kuacha. Hakuthibitisha, na wakimpigia hapatikani. Namba yangu aliwaachia yeye, ya kupigiwa akipotea.

"Na mlango wa nyuma ni wa nini?" nikauliza kwa ukali, bado nautafuta uongo.

"Wa mbele unatazama kituo cha mabasi. Wengi wanaona aibu," akasema. "Nafasi yake nimeishikilia. Mlete kabla ya saa tisa."

Cherehani niliiacha na kola ndani yake. Nilimkuta kwenye ngazi za lile ghala, kakunja ngumi, na ndani ya ngumi mna vidonge vinne. Alikuwa hajavimeza. Nikamwambia palepale, maana ningesita kidogo ningetunga uongo.

"Namba yao niliizuia mimi."

Aliitoa simu mfukoni, akaitazama.

"Nilidhani wameniona sifai," akasema.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alifungua ngumi akanimwagia vile vidonge kiganjani, nikavitupa mtaroni, tukaondoka karibu kwa kukimbia.

Tulifika saa tisa kasorobo. Karani wa mapokezi, kijana mwenye miwani, akasoma kwenye kompyuta yake.

"Mtu wake wa karibu ameandikwa ni mama yake," akasema. "Tunamhitaji atie saini. Amekuja?"

Mdogo wangu aliinamia viatu vyake. Kwenye kioo cha kompyuta, pembeni ya neno lile, niliisoma namba ya simu tarakimu moja moja mpaka mwisho. Ilikuwa yangu.

"Mimi hapa," nikasema, nikaomba kalamu.