Dakika Nne za Soksi

Majlis Engdahl alikuwa amepiga magoti sakafuni, mguu wa Bi Tyra umelala pajani mwake, simu ya kazi ilipoanza kuwaka taa nyekundu. Soksi ilikuwa imefika kifundoni tu. Zilikuwa soksi zile za kubana, za kuzuia miguu isivimbe, ngumu kama mpira wa tairi, na ngozi ya mama wa miaka tisini na mmoja ni nyepesi kama ganda la kitunguu. Ukivuta kwa pupa, inachubuka.

"Hiyo simu inataka nini?" Bi Tyra aliuliza.

"Inasema nimeshamaliza."

"Basi iambie ije ivute yenyewe."

Majlis alicheka, akaendelea kuvuta kidogo kidogo. Kompyuta ya halmashauri ilikuwa imempangia dakika nne kwa miguu yote miwili. Asubuhi hiyo alikuwa na wazee kumi na mmoja wa kuwahudumia majumbani mwao, na ilipofika saa sita mchana alikuwa nyuma kwa dakika hamsini. Zilikatwa kwenye mapumziko yake. Alikula mkate na jibini ndani ya gari, injini imezimwa ili kubana mafuta, theluji ya Machi ikiyeyuka juu ya kioo.

Hakuwa mtu wa kulialia. Kazi hiyo alikuwa akiifanya kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa, na aliijua kuliko waliompangia. Isitoshe, ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi saa kumi jioni, watu sita hukutana katika chumba kidogo cha maktaba ya mji wa Hyttfors, wakichukua swali moja la siku hizi na kulichambua mpaka libaki mifupa. Walishabishana kuhusu mbwamwitu, kuhusu umeme wa nyuklia, kuhusu vijana wasiosoma vitabu. Safari hii zamu ya kuchagua ilikuwa ya Majlis, na swali lake lilikuwa limebandikwa mlangoni tangu Jumatatu: Nani alizipima dakika za wazee?

Alipofika, wenzake watano walikuwa wamesimama nje, karatasi ilikuwa imebanduliwa na kadi yake haikufungua mlango. Pembeni alisimama Pontus Rehnberg, mkuu wa utamaduni wa halmashauri, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye sauti ya kubembeleza.

"Majlis, dada yangu, tuelewane. Chumba hiki ni cha halmashauri. Na wewe ni mfanyakazi wa halmashauri. Hilo swali lenu linaleta picha mbaya."

"Mbwamwitu walileta picha nzuri?"

"Unanielewa. Chagueni swali lingine, nifungue sasa hivi."

"Huo ni uamuzi, au ni maoni yako?"

Pontus alikohoa. "Tuseme ni ushauri."

"Kama ni uamuzi, uandike, uweke na sahihi yako. Kama ni ushauri, nimeusikia. Asante."

Hakuandika. Mlango nao haukufunguka. Majlis alirudisha kadi mfukoni. Aligeuka, akawaongoza wenzake watano hadi pembe ya magazeti, ambako hakuna kadi wala kufuli. Watu wanne waliokuwa wakisoma walisogeza viti bila kuombwa. Pontus aliwafuata, labda akitumaini watachoka.

Hawakuwa watu wa kuchoka upesi. Bi Ingegerd, mwalimu mstaafu wa kemia, alifungua daftari. Mzee Sixten, aliyefanya kazi kiwanda cha mbao hadi magoti yalipomsaliti, alijiweka kwenye kiti cha chini, akakunja suruali yake. Mguu ulikuwa umevimba kweli. Naye huvalishwa soksi za aina hiyo hiyo kila asubuhi, na za siku hiyo alikuwa amezivua, akazitoa mfukoni.

"Tusibishane kabla ya kupima," alisema Bi Ingegerd. "Majlis atavalisha. Anahitajika mtu wa kushika saa, na asiwe mmoja wetu. Kipimo kikishikwa na mwenye kesi si kipimo." Akamnyooshea Pontus simu yake. "Wewe, kijana."

"Mimi sihusiki na mambo ya wazee."

"Ndiyo maana unafaa."

Macho ya wasomaji yote yalikuwa juu yake. Aliipokea.

Majlis alipiga magoti kwa mara ya kumi na mbili siku hiyo. Aliingiza vidole vya Mzee Sixten ndani ya soksi, akapitisha kisigino, akasimama kidogo mzee alipovuta pumzi kwa maumivu, akaendelea. Hakuharakisha, hakuchelewesha. Alifanya kama afanyavyo mtu aliyekabidhiwa mguu wa mwenzake.

"Hizi dakika nne walizipataje?" Mzee Sixten alimuuliza Pontus kutoka kitini.

"Kuna kampuni ya ushauri ilifanya utafiti."

"Kwa mguu wa nani?"

Pontus alitazama saa ya simu. "Sijui," alisema, na lilikuwa jibu lake la kwanza lisilo na mapambo.

Mguu wa kwanza ulichukua dakika sita na nusu. "Huyu ni mtu mmoja tu," Pontus alisema. "Huwezi kujenga hoja kwa mtu mmoja."

"Sahihi kabisa," Bi Ingegerd alimjibu, akifurahi kama amepata mwanafunzi. "Alhamisi ijayo tutaleta wengine sita. Sasa mguu wa pili."

Jumla ilikuwa dakika kumi na tatu na sekunde tano. Bi Ingegerd aliandika, akamsogezea Pontus daftari na kalamu, atie sahihi kama mshika saa. Pontus aliichukua kalamu, kisha akailaza mezani.

"Siwezi. Mnaelewa kwamba siwezi."

"Tunaelewa," alisema Majlis, akijipangusa magoti. Kesho saa moja asubuhi simu ingempa dakika nne tena, alilijua hilo, na Bi Tyra angekuwa anamsubiri kitandani. "Andika hivyo hivyo, mwalimu."

Bi Ingegerd aliandika polepole, akasoma kwa sauti ya maktaba: "Saa ilishikwa na mkuu wa utamaduni wa halmashauri. Alikataa kutia sahihi. Muda hakuukanusha." Akainua macho. "Nimekosea mahali?"

Pontus alisoma mistari hiyo mara mbili.

"Hapana," alisema.